Leso Nyeupe ya Buffalo

Alasiri ya tarehe 6 Septemba 1901 joto lilikuwa kali mjini Buffalo, jimbo la New York. Watu waliopanga foleni ndani ya jumba la Temple of Music, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka ule, walikuwa wakijifuta jasho huku wakisubiri kumpa mkono Rais William McKinley. Walinzi walikuwa na desturi yao: anayemkaribia rais aje na mikono mitupu, viganja vikionekana. Siku hiyo hawakuishika, maana leso zilikuwa mikononi mwa kila mtu. Leon Czolgosz, kijana wa miaka 28 ambaye familia yake ilikuwa na shamba nje ya Cleveland, alijifunga leso nyeupe mkono wa kulia kama mtu aliyeumia. Ndani ya leso hiyo mlikuwa na rivolva ya Iver Johnson aliyoinunua siku chache kabla kwa dola 4 na senti 50. Rais alipoona mkono wa kulia umefungwa, akataka kuushika wa kushoto. Risasi ya kwanza iligonga kifungo cha nguo ikakengeuka. Ya pili iliingia tumboni. McKinley alifariki tarehe 14.

Leso ile haikufichwa. Ilikuwa kifuani, mbele ya macho ya walinzi, na hakuna aliyeitilia shaka. Baadaye ilielezwa kwamba jicho la ulinzi lilikuwa limemganda mtu mwingine aliyetangulia kwenye foleni, mtu mwenye sura ya Kiitaliano. Nyuma ya Czolgosz alikuwapo James Parker, Mmarekani mweusi mrefu sana, aliyewahi kuwa mhudumu wa mgahawa mle mle kwenye maonyesho. Ndiye aliyemrukia Czolgosz na kumtandika kabla hajafyatua tena. Siku za mwanzo magazeti yalimsifu. Kesi ilipofika mahakamani mwezi ule ule, Parker hakuitwa kutoa ushahidi, na mlinzi George Foster alisema kwa kiapo kwamba katika purukushani ile yote hakumwona mtu mweusi hata mmoja.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na kinanihusu kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilijifunzia Tanga, barazani kwa mjomba, na sasa nashona Columbus, mji mkuu wa Ohio, katika mtaa wenye Wasomali, Wakongo, Warundi na Wamarekani wa kila namna. McKinley alikuwa mtu wa Ohio. Czolgosz naye alitokea Ohio. Na sehemu kubwa ya historia ya bastola iliyofichwa chini ya nguo, ukiifuatilia, inakupitisha kwenye jimbo hili ninaloishi.

Bastola hizo hunifikia zikiwa tayari zimeandikwa kwenye nguo. Mtu huleta suruali anayosema imechakaa upesi, nami nikiipindua naona bitana ya kiuno imesuguliwa upande mmoja tu, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, uzi umebaki kama utando. Kitanzi cha mkanda cha upande huo kimevutwa mpaka mshono umeanza kufumuka. Koti lake lina doa la kung'aa mahali ambapo kitako cha bastola husugua kitambaa kwa ndani. Nikimsimamisha nimpime, kiwiko cha kulia hakigusi mbavu. Akiinuka kwenye kiti, mkono unakwenda wenyewe pale kiunoni kuhakikisha kitu kimekaa sawa. Robert Gallagher, askari kanzu wa New York aliyejulikana kwa kutambua watu wenye silaha, alifundisha polisi wenzake ishara kama hizi hizi: mkono unaogusa mahali pamoja, upande mmoja wa koti unaoning'inia kwa uzito, hatua inayokuwa fupi upande wa bastola. Mafundi tunazijua kwa sababu ndizo zinazoharibu nguo.

Wateja wenyewe huniambia mapema. Wanataka kiuno kiongezwe inchi moja na nusu au mbili, ili ala ya bastola ikae ndani ya suruali. Wanataka koti liwe refu kidogo nyuma na kitambaa kiwe kizito, maana kitambaa chepesi hulala juu ya chuma na kukichora. Michirizi na mirabaraba husaidia kuficha, rangi moja iliyokolea husaliti. Kazi ikiisha wanasimama mbele ya kioo, wanageuka kulia, wanageuka kushoto, wananiuliza: "Fundi, inaonekana?"

Kwangu inaonekana. Kwa watu wengine haionekani, na hilo nimelithibitisha kwa kusimama foleni moja na wateja wangu sokoni. Watu wanatazama bei, wanatazama simu, wanawatazama watoto wao. Hakuna anayetazama kiuno cha mzungu wa makamo aliyevaa shati nje. Kinachonisumbua ni kwamba macho hayo hayo, yasiyoona bastola iliyopo, yanaweza kuona bastola isiyokuwepo. Inategemea nani amesimama mbele yao.

Sheria za Marekani ziliingia katika jambo hili mapema. Mwaka 1813 Kentucky na Louisiana zilikataza kubeba silaha kwa kificho. Indiana ilifuata 1820, Alabama 1839, Ohio 1859. Kubeba waziwazi hakukukatazwa kwa jumla. Mahakama ya Louisiana ilieleza mwaka 1850 kwamba silaha iliyo wazi inamfaa mwanamume anayejitetea kiungwana, na iliyofichwa ni ya mviziaji.

Mtu wa pwani hoja hiyo anaielewa bila kufafanuliwa. Wazee wetu waliokuwa na jambia walilivaa kiunoni juu ya kanzu, mbele, mahali linapoonekana. Oman hadi leo huvaliwa kwenye sherehe, na limechorwa kwenye bendera ya taifa. Lilikuwa pambo na heshima, na anayekuja kuzungumza nawe alijua yuko mbele ya nani. Aliyeingiza kisu ndani ya nguo ndiye aliyeogopwa. Lakini heshima hiyo nayo ilikuwa ya watu fulani tu. Mtumwa hakuvaa jambia la fedha, na ni vizuri tuseme hivyo tunapousifu uungwana wa pwani.

Kusini mwa Marekani ilikuwa vivyo hivyo. Majimbo mengi ya utumwa yalimkataza mtu mweusi kushika silaha kabisa, iwe wazi au kwa siri, hata akiwa huru. Baada ya utumwa zikaja sheria ambazo kwa maandishi zilimhusu kila mtu. Florida ilitunga yake 1893. Miaka karibu 50 baadaye, 1941, Jaji Rivers Buford wa Mahakama ya Juu ya Florida aliandika peupe, katika maoni yake kwenye kesi ya Watson, kwamba sheria ile ilitungwa kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, na kwamba haikukusudiwa kwa wazungu wala haikutumiwa hivyo. Kwa hiyo mzungu aliweza kutembea na bastola mfukoni katika jimbo lenye sheria na macho ya dola yakampita.

Na mifuko hiyo ilikuwepo. Mafundi wenzangu wa karne ya 19 waliuita mfuko wa nyuma wa suruali mfuko wa bastola, na ndivyo ulivyotumika. Bastola zenyewe zilikuwa zimepungua umbo. Henry Deringer wa Philadelphia alipata jina kwa kutengeneza za risasi moja zinazotoshea kiganjani. John Wilkes Booth aliingia na moja ya hizo Ford's Theatre, Washington, usiku wa Aprili 14, 1865, urefu wake haufiki inchi 6. Aliyekuwa karibu na mlango wa Rais Lincoln, ambaye Booth alikwenda kumuua, hakumpekua. Booth alikuwa mwigizaji mashuhuri, na waliomwona waliona sura waliyoizoea jukwaani.

Julai 2, 1881 ikawa zamu ya Rais James Garfield, mzaliwa wa Ohio, katika stesheni ya treni mjini Washington. Charles Guiteau alikuwa amemfuatafuata kwa wiki kadhaa akiwa na rivolva nene ya Kiingereza mfukoni. Alikuwa mtu mwenye koti na kofia, msomi wa sheria kwa madai yake, mtu wa kusalimiwa. Hata baada ya kufyatua, polisi Patrick Kearney alipomkamata alihamanika kiasi cha kusahau kumnyang'anya silaha, na Guiteau akapelekwa kituoni nayo mfukoni. Kesi hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Bastola imelia, rais ameanguka, na bado mtu aliyeishika hapekuliwi.

Ohio ilipokataza kuficha silaha, mahakama zake zililazimika kuamua kuficha ni nini hasa. Jibu zililoshikilia linahusu macho moja kwa moja: silaha imefichwa ikiwa watu walio karibu, katika shughuli za kawaida za maisha, hawawezi kuitambua kwa kutazama kwa kawaida. Kosa la mtu likapimwa kwa kipimo cha wapita njia. Sijui kipimo kingine cha sheria kinachofanana zaidi na swali la wateja wangu mbele ya kioo.

Oktoba 31, 1963, katikati ya Cleveland, Martin McFadden alikuwa kazini. Alikuwa askari kanzu, amekaa polisi miaka 39. Kwenye barabara ya Euclid aliwaona wanaume wawili, John Terry na Richard Chilton, wakipokezana kwenda kuchungulia dirisha la duka lile lile na kurudi, mmoja baada ya mwingine, mara kama kumi na mbili kwa jumla. Mtu wa tatu akaja wakanong'ona naye, akaondoka. McFadden hakuona bastola. Hakuona hata uvimbe kwenye nguo. Alichoona ni mwendo. Aliwafuata, akawauliza majina, wakamung'unya maneno, akamgeuza Terry na kumpapasa nje ya koti. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kitu kigumu. Alijaribu kukitoa akashindwa, ikabidi amvue koti zima. Chilton naye alikutwa na rivolva.

Kama fundi, kazi ile naiheshimu. Alitazama kwa subira, akaona kilichofanywa na watu wale siku ile, na papaso lake lilikuwa la juu ya kitambaa. Lakini McFadden mwenyewe alipoulizwa mahakamani nini kilimvuta awatazame tangu mwanzo, hakuweza kusema hasa. Walimkaa vibaya tu. Terry na Chilton walikuwa weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipokubali upekuzi ule Juni 10, 1968 kwa kura 8 dhidi ya 1, haikuitaja rangi yao popote katika hukumu. Polisi wa nchi nzima wakapewa ruhusa ya kumsimamisha na kumpapasa mtu kwa shaka yenye msingi, bila hati ya mahakama. Jicho la mzee mmoja wa miaka 39 kazini likawa ruhusa ya kila kijana mwenye beji.

Matokeo yake yalikuja kuhesabiwa New York. Kati ya Januari 2004 na Juni 2012 polisi wa jiji hilo walisimamisha watu mara milioni 4.4. Zaidi ya nusu walipapaswa. Katika kupapasa huko, silaha ilipatikana kwa asilimia 1.5 tu. Zaidi ya asilimia 80 ya waliosimamishwa walikuwa weusi au watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha kutia alama kwamba mtu alionekana na uvimbe wa kutia shaka nguoni, na Jaji Shira Scheindlin, aliyesikiliza kesi iliyofunguliwa kuhusu upekuzi huo, alionyesha kwamba katika kila watu 69 waliosimamishwa kwa sababu ya uvimbe, bastola ilipatikana moja. Agosti 2013 aliamua kwamba polisi walikuwa wanavunja katiba.

Ningependa kila mtu aliyetia alama kwenye kile kisanduku apite kwangu asubuhi moja. Kabla sijampima mteja humwomba atoe vitu mifukoni. Meza hujaa: simu, funguo zenye minyororo, pochi iliyojaa risiti za mwaka mzima, dawa ya pumu, tasbihi, chaja, kopo la tumbaku, chupa ya mafuta ya mgongo. Vyote hivyo huvimba. Bastola iliyokaa katika ala nzuri chini ya koti lililokatwa vizuri haivimbi. Pesa za kumlipa fundi ndizo zinazoifanya isivimbe. Sidhani kama watu 69 waliovimba walikuwa na pesa hizo.

Huku Ohio katazo la 1859 lilidumu, kwa sura moja au nyingine, mpaka karne hii. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kuficha kunaweza kukatazwa kwa kuwa kubeba waziwazi kumeruhusiwa. Wapinzani wakajibu kwa kuandamana na bastola zao nje, viunoni, mitaani, na safari hii kila mtu aliziona. Januari 2004 Gavana Bob Taft alitia saini sheria ya vyeti vya kubeba silaha kwa kificho. Kilikuwapo kifungu cha ajabu: mwenye cheti akitembea aifiche, akiingia ndani ya gari akiwa nayo kiunoni aiache ionekane. Baadaye kikaondolewa. Milango ya maduka na makanisa ikabandikwa picha ya bastola iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Juni 2022 hata cheti kiliacha kuwa lazima kwa mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye hana kizuizi cha kisheria.

Lakini kabla ya hapo, Novemba 22, 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa anacheza na bastola ya bandia kwenye bustani karibu na kituo cha michezo cha Cudell, Cleveland. Aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda ni ya bandia na kwamba huenda ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilisimama, na ndani ya sekunde mbili hivi Tamir alikuwa amepigwa risasi. Alifariki kesho yake. Hii ni Ohio, ambako mtu mzima anaruhusiwa kutembea na bastola halisi ikionekana.

Majira ya baridi yale mama mmoja Mrundi aliniletea sweta la kijana wake, lile lenye kofia na mfuko mmoja mkubwa mbele tumboni.

"Baba, nishonee huu mfuko ufungwe kabisa."

Nikamuuliza mtoto ataweka wapi mikono kwenye baridi hii.

"Atavaa glavu. Sitaki mikono yake iingie ndani."

Nikaushona kwa uzi wa rangi ya sweta, mishono miwili, ili kijana asije akaufumua njiani kwenda shule. Wengine wakaja baada yake. Kazi ile silipishi.

Halafu Julai 6, 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, aliyesimamia jiko la shule moja ya Saint Paul, alisimamishwa akiendesha gari. Alikuwa na bastola na kibali chake. Haikuonekana. Alimwambia askari mwenyewe, kwa adabu, kwamba ana silaha, na ndani ya sekunde chache akapigwa risasi, mpenzi wake na mtoto wa miaka 4 wakiwa garini. Askari aliachiwa huru na mahakama Juni 2017. Wateja wangu wenye vyeti walikuwa wamefundishwa darasani kufanya kile hasa alichofanya Castile.

Mwaka huu alikuja Mkongo mwenye duka la vyakula ambaye amevamiwa usiku wakati wa kufunga. Amenunua bastola kihalali, amejifunza kuitumia. Alileta suruali tatu.

"Papa fundi, niifiche ama niiache ionekane?"

Nilimwambia sheria ya Ohio inamruhusu yote mawili, na kwamba mimi namhofia kwa yote mawili. Tukaongea muda mrefu, wateja wengine wakingoja. Nilimweleza kuhusu Castile, akasema anamjua, kila mtu dukani kwake anamjua. Mwishowe akachagua kuificha. Nikampimia kiuno, nikaongeza inchi moja na nusu, nikaimarisha vitanzi vya mkanda kwa mshono wa pili, na nikamwambia akisimamishwa barabarani aweke mikono yote miwili juu ya usukani na asiishushe hata akiombwa leseni, mpaka askari amekubali kwa mdomo wake.